Kidirisha cha Pembeni

Asubuhi hiyo kompyuta haikumwamkia Karani. Siku zote alikuwa akibonyeza kitufe cha kuwashia, anavaa hedifoni, anasubiri kidogo, na sauti ya mwanamke asiye na haraka inamwambia kwamba mashine iko tayari. Leo alisubiri mpaka chai ikapoa. Alisikia feni ikizunguka ndani ya mashine, akamsikia mama yake akikohoa nyuma ya pazia, akasikia ndoo ikiburutwa uani. Sauti aliyoitaka haikuja.

Jina la Karani alipewa na majirani. Alipofuka alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto wawili, na kwa muda mrefu waliokuja kumjulia hali walizungumza kwa sauti ya chini kama wamekuja msibani. Kisha ofisi moja ya usuluhishi ikampa kazi. Walimletea rekodi za mashauri: watumishi wa ndani walionyimwa mshahara, wajane waliotolewa nyumbani na mashemeji. Karani alisikiliza na kuandika, na kila alichoandika kompyuta ilimsomea sikioni. Alikuwa mwepesi kuliko wengi wenye macho. Majirani wakaanza tena kumsalimu kwa sauti ya kawaida, na wengine hata kumwomba ushauri wa mambo asiyoyajua.

Rekodi iliyokuwa mezani siku hiyo ilitakiwa ofisini kabla ya milango kufungwa. Kurasa zilizobaki zilikuwa chache. Mkataba wake nao ulikuwa kwa bosi unasubiri kuongezwa, na bosi, mama mmoja mkavu wa maneno lakini mwenye haki, alikuwa amemwambia wazi: "Wapo hapa wanaosema nilikuchukua kwa huruma. Usiniangushe."

Alichomoa hedifoni akazichomeka tena. Alizipuliza. Alizima mashine, akaiwasha, akainamisha kichwa karibu nayo kama anayesikiliza mgonjwa. Kimya.

"Mama watoto," aliita. "Njoo mara moja."

Mkewe aliingia akijifuta povu mikononi. Zamani alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stendi. Siku Karani alipopokea mshahara wa kwanza alitangaza mbele ya watu kwamba mke wa Karani hafui mashuka ya wageni, na mke akaacha. Alifurahi kuacha, ingawa mara nyingine alizikumbuka porojo za wenzake kwenye kamba za kuanikia.

"Simama hapa. Niambie unaona nini kwenye kioo."

Alisimama mbali kidogo na meza. Ile kompyuta hakuwahi kuigusa. Ofisi ilimtaka Karani atie dole gumba kwenye karatasi kwamba hakuna mtu mwingine atakayeshika mashine yenye sauti za watu wale, na Karani aliishika amri hiyo kwa mikono miwili. Hata vumbi alilifuta mwenyewe. Katika nyumba ambayo sahani, viatu na hata kijiko alingoja apewe, mashine ile ilikuwa yake peke yake.

"Naona picha ya spika," mkewe alisema. "Ina msalaba mwekundu."

"Na nini kingine?"

Mke akasita. "Na kile kidirisha."

"Kidirisha gani?"

"Kile cha pembeni. Cha kila siku."

Karani akageuza uso kuelekea sauti yake. "Kila siku tangu lini?"

Tangu zamani. Tangu ile siku shemeji yake, mdogo wake Karani, alipokuja kutembea, na mke akaleta chai akakiona kidirisha kimechomoza kwenye kona ya kioo, kina pembetatu ya njano. Alimwambia mumewe palepale, kwa nia njema. Shemeji akacheka: "Kumbe siku hizi shemeji ni fundi wa kompyuta." Karani naye akacheka, akasema kama kingekuwepo angesomewa, kwa kuwa yule dada wa ndani ya mashine humsomea kila kitu, hata nukta. "Wewe tuletee sukari," akamalizia. Mke alicheka kidogo pamoja nao, kama mtu anavyocheka akichekwa nyumbani kwake. Baada ya hapo alikiona kidirisha kila asubuhi, akaweka chai, akaenda zake.

Niseme ukweli wa jambo hili, maana ndani ya nyumba ile hakuna aliyeujua. Sauti ilisoma maandishi, na kidirisha kile kilichorwa kama picha. Mwenye macho yoyote angekiona. Karani peke yake, mwenye mashine, asingeweza kujua kama kipo. Waliokitengeneza hawakumfikiria. Watu wengi hawakumfikiria, lakini wale walimwandikia onyo kabisa kisha wakaliweka asikoweza kulifikia.

"Kinasemaje?"

"Kimeandikwa Kiingereza."

"Nitajie herufi."

Alizitaja moja moja, polepole, kwa maana shule aliiacha mapema na maneno yale hayakumwambia lolote. Karani alizipokea akaziunga. Alipofika katikati tayari alikuwa ameshika kichwa. Kidirisha kilikuwa kikiomba draiva ya sauti isasishwe kabla mfumo mzima wa kompyuta haujajisasisha wenyewe. Jana jioni mashine ilichelewa sana kuzimika, na yeye akaigombeza kwa uvivu wake. Kumbe ndipo mfumo mpya ulipokuwa unaingia, ukaikuta draiva ya zamani, ukaikataa.

"Draiva," alisema.

Mama yake akauliza nyuma ya pazia, "Kompyuta nayo ina dereva?"

"Si dereva, mama. Ni kiprogramu kidogo kinachoielekeza mashine namna ya kutumia spika yake. Kikipitwa na wakati, spika ipo, ila mashine haijui kama inayo."

"Basi kama marehemu baba yako. Masikio alikuwa nayo yote mawili."

Hakuna aliyecheka. Mke alikuwa bado anakitazama kidirisha. "Hapa chini kina kitufe," alisema. "Nikibonyeze hicho?"

"Usiguse. Vidirisha vinavyojichomoza ndivyo vya matapeli. Tunakwenda kwenye ukurasa ninaoujua."

Hapo ndipo palipoharibikia. Laiti angemwacha mkewe akibonyeze, mambo yangekwisha kabla maji ya kufulia hayajapoa. Lakini kidirisha hicho kilitoka mdomoni mwa mtu aliyechekwa kwa ajili yake, na kukikubali ilikuwa ni kukubali na mambo mengine.

*

Jina la ukurasa Karani aliliandika mwenyewe kwa vidole vyake vya haraka. Aliwahi kuutumia zamani, peke yake, akiongozwa na sauti, na aliukumbuka vizuri.

"Umefunguka?"

"Umefunguka."

"Tafuta kitufe cha kupakua, chenye neno linaloanza na D na kuishia na D. Ukikiona, bonyeza."

"Vipo vitatu."

"Vitatu vipi? Ukurasa huu naujua. Kitufe ni kimoja."

"Mimi naviona vitatu, baba watoto. Kikubwa cha kijani hapa juu. Cha kijani kingine, kina mshale. Halafu kadogo ka kijivu huku chini, kamefifia."

"Kitufe ni kimoja."

Na alikuwa akisema kweli. Katika ukurasa alioujua yeye kilikuwepo kimoja, kile cha kijivu, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na maandishi ya kusomeka. Vile viwili vya kijani vilikuwa matangazo, mitego ya picha iliyotegwa kwa ajili ya wenye macho. Karani alikuwa amepita katikati yake mara nyingi bila kujua kama ipo. Upofu ulikuwa umemkinga, na leo alikuwa ameazima macho.

"Sasa nibonyeze kipi?"

"Mara ngapi nikwambie ni kimoja?"

"Nikutajie yaliyoandikwa pembeni?"

"Ukianza kutaja herufi tutafika jioni. Watu wananisubiri. Bonyeza."

Mke alibonyeza kikubwa. Mtu akiambiwa kitu ni kimoja, atachukua kile kinachoonekana kuliko vyote.

Programu ikashuka, ikafunguka, ikaanza kuuliza. Alipomwambia inauliza ndiyo au hapana, Karani alisema ndiyo. Ikauliza tena. "Ndiyo. Kila kitu ndiyo," alisema. Kioo kikajaa mistari ya kijani iliyokuwa ikijaa na kuisha, kujaa na kuisha.

"Inaonekana inabadilisha vyote," mkewe alisema.

"Vyote vipi? Nilitaka cha sauti tu."

"Inabadilisha. Sijui. Kuna orodha ndefu inapita."

"Isimamishe."

"Nisimamishe wapi?"

Hakuweza kumwambia wapi. Kwake yeye kusimamisha kulikuwa ni vitufe viwili na sauti inayothibitisha. Alivibonyeza, akavibonyeza tena, na hakuna kilichomjibu. Halafu akasikia feni ikikata, ikaanza, ikakata.

"Kimekuwa cheusi," mkewe alisema kwa sauti ndogo. "Chote."

*

Walikwenda kwa fundi kwa miguu, mke amebeba mashine iliyofungwa shuka, mume nyuma yake ameshika bega lake. "Jiwe," mke alimwambia njiani. "Tope upande huu. Gari linapita, simama." Ndivyo walivyotembea siku zote, na leo pia.

Duka la fundi lilikuwa chumba chembamba, meza imejaa matumbo ya redio na simu, na wateja wengine wawili kwenye benchi. Fundi alimtazama Karani, kisha akamgeukia mke. "Mama, mzee aketi pale pembeni asije akagonga vitu. Mashine ni ya nani?"

"Ni yangu," Karani alisema.

"Sawa, mzee." Akamwuliza mke tena, "Nani anaitumia?"

"Yeye."

Fundi akasita, akatabasamu kwa wale wa kwenye benchi, akaanza kazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mazoea yale ya watu wengi, ya kudhani kwamba asiyeona hasikii. Aliiamsha mashine kwa njia zake, akatazama, akapiga mluzi.

"Programu ya kitapeli. Imefuta draiva nzima nzima, za kioo, za mtandao, ikaweka takataka zake. Nani alibonyeza huu uchafu?"

Karani alikuwa amekaa na fimbo yake katikati ya magoti.

"Mimi," mkewe alisema.

"Kitufe kikubwa cha kijani, sivyo? Nilijua. Mama, ukiona kikubwa na kinang'aa, kimbia." Wale wa kwenye benchi wakacheka. "Kazi zilizomo zipo, msiogope. Ila nahitaji mpaka kesho."

"Kesho haiwezekani," Karani alisema. "Zinatakiwa leo."

"Basi zungumza na wanaozitaka, mzee. Mimi sina muujiza."

Karani alitoa simu yake, akaiambia impigie bosi. Simu yake ilizungumza kwa sauti ya juu daima, yake na ya aliyempigia, na hakufikiria kuipunguza. Aliishi na mashine zinazosema mbele za watu. Iliita mara moja tu ikapokelewa.

"Karani, afadhali. Nilikuwa nataka kukupigia, sikiliza..."

"Madamu, naomba niseme mimi kwanza." Alikuwa amesimama. "Kazi ya leo haitafika. Mashine imeharibika."

"Imeharibika vipi?"

Jibu lilikuwepo, fupi, la watu wazima: draiva ilipitwa na wakati, nilijaribu kuisasisha, nimekosea. Lakini Karani alisikia nyuma ya swali lile sauti za wote waliosema amechukuliwa kwa huruma. Aliwaona, na ninasema aliwaona, wakitikisa vichwa: tulisema kipofu hataweza. Aliogopa. Aliogopa kurudi kuwa yule mtu anayezungumziwa kwa sauti ya chini, na kwa hofu hiyo akashika kilichokuwa karibu yake.

"Si mimi, Madamu. Mimi mashine yangu naijua. Ni mke wangu. Ameishika akabonyeza vitu asivyovijua. Unajua hajasoma."

Fundi aliinua kichwa. Mke alikuwa akikunja lile shuka. Aliendelea kulikunja, pembe kwa pembe, kama mashuka ya wageni.

"Mkeo," bosi alisema. "Mkeo anashika mashine yenye ushahidi wa watu?"

"Madamu, leo tu. Ni..."

"Yule binti wa kwenye rekodi hiyo, aliyefungiwa jikoni, anakaa mtaa mmoja na nyinyi. Unalijua hilo? Ulitia dole gumba, Karani. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu kwamba siri kwako haitoki kwa kuwa hakuna mwingine anayeigusa mashine."

"Hakusoma kitu, Madamu. Hata kusoma kwenyewe..."

"Na sasa uko wapi? Nasikia watu."

Mtu mmoja kwenye benchi alijikohoza.

"Uko kwa fundi wa mtaani. Na yeye ameshaifungua." Bosi akashusha pumzi. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. "Ungeniambia tu imekufa. Hapa ofisini mashine karibu zote hazitoi sauti tangu asubuhi, ni hiyo apdeti ya jana. Shauri lenyewe tumelisogeza. Ndilo nililotaka kukupigia nikwambie, usihangaike, ulete mashine kwa fundi wetu. Sasa nitasemaje? Wameshasikia, hapa nimeweka sauti juu ili wote tupange tarehe. Kesho leta rekodi zote. Kuhusu mkataba, naomba usinipigie."

Simu ikasema, kwa sauti ileile isiyo na haraka, kwamba mazungumzo yamekwisha.

*

Walirudi bila mashine. Mkono wake ulikuwa begani kwa mkewe, na bega halikujivuta wala kukaza. Hilo lilimsumbua Karani kuliko kama angesukumwa.

"Nilichanganyikiwa," alisema walipofika penye maduka.

"Jiwe," mkewe alisema.

"Nimesema nilichanganyikiwa."

"Nimesikia. Mtaro huu, panua mguu."

Nyumbani mama yake alikuwa ameketi kitandani, pazia amelisogeza. Hakuhitaji kuelezwa mengi. Alisikiliza habari, akamtazama mwanawe ambaye hakuweza kuona anavyotazamwa.

"Ukawaambia ni yeye?"

"Mama, tafadhali."

"Nilikuwa hapahapa. Alikuuliza kipi, ukamwambia ni kimoja. Alikuuliza tena. Akataka kukusomea, ukamwambia anakuchelewesha." Kikohozi kikambana, mkwe wake akaja na maji, akamshika mgongo. "Nimezaa," alisema mama kizee baada ya kunywa, na hakumalizia.

"Mama, pumzika," mkwe alimwambia. "Yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha, na wote watatu walijua. Watoto walirudi kutoka shule wakashangaa kuikuta meza tupu, wakauliza, wakaambiwa iko kwa fundi. Mkubwa akauliza nani kaiharibu. Karani alisikia kila mtu chumbani akisubiri. Alisema, "Imeharibika tu," na hiyo ndiyo hatua ndefu aliyoweza kupiga siku ile.

*

Fundi aliirudisha mashine ikiwa nzima. Rekodi zilikwenda ofisini, zikapokelewa mlangoni na mlinzi, na hakuna aliyemkaribisha Karani ndani. Katika mtaa habari ilienea ikiwa imegeuzwa kidogo, kama habari zinavyogeuzwa: kwamba mke wa Karani amemponza mumewe. Wanawake bombani walimhurumia mume. Mke alichota maji yake akaondoka, na hakumsahihisha mtu.

Asubuhi moja Karani alibonyeza kitufe, akavaa hedifoni, na sauti ikamwambia mashine iko tayari. Ilikuwa safi kuliko hata zamani, maana fundi aliweka draiva mpya. Kazi ya kufanya haikuwepo. Alikuwa akiandika barua za kuomba kazi, anazisikiliza, anazifuta, anaziandika tena. Tangu siku ile alijizoeza pia jambo jingine.

"Kuna kitu kwenye kioo?" aliuliza.

Mkewe alikuwa ameweka chai mapema. Amevaa viatu vya kufunika. Karani aliusikia mlio wake sakafuni, na aliujua mlio huo kutoka miaka ya nyuma. Nyumba ya wageni walikuwa wamemkubali tena, kwa mshahara mdogo kuliko ule aliouacha, kwa kuwa mwenye nyumba alijua kwamba safari hii hawezi kuchagua.

Mke aliinama akatazama. Kwenye kona kulikuwa na kidirisha, pembetatu ya njano, maandishi madogo.

"Kipo," alisema.

"Kinasemaje?" Alivua hedifoni kabisa. Alisogeza kiti chake pembeni ili mkewe apate nafasi ya kusimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Soma taratibu. Herufi moja moja. Nasubiri."

Mkewe alikitazama kiti kilichosogezwa, akatazama mlango. Hakuwa na hasira usoni. Angekuwa nayo pengine Karani angeisikia kwenye pumzi zake, angeomba msamaha vizuri, na mambo yangepata pa kuanzia.

"Nimechelewa, baba watoto," alisema. "Nitakusomea nikirudi."

Viatu vilivuka kizingiti, vikapita uani, lango likafungwa. Karani alikaa. Kisha akavaa hedifoni akaanza kubonyeza, akizunguka kioo chote kwa vidole, na yule dada akamsomea alichokikuta: saa, tarehe, barua isiyo na jina la wa kupelekewa. Alizunguka tena. Saa, tarehe, barua. Mwishowe akanyoosha mkono akapapasa kona ya kioo, kwa kidole kimoja, polepole. Palikuwa laini kama sehemu nyingine zote.